Kitambaa Juu ya Vioo vya Jua

Baada ya arobaini ya mama, tulikaa sebuleni kwake kule Kilosa tukagawana vitu vyake. Wadogo zangu walivutana kwa vitenge na kwa seti ya vikombe ambayo haikuwahi kunywewa chai. Mimi nilichukua kitambaa kimoja tu cha kutarizi, kilichokuwa chini kabisa ya sanduku. Kilikuwa cheupe zamani, sasa kimegeuka rangi ya maziwa mgando, kina tausi wawili wanaotazamana na mstari wa kutu upande mmoja. Mdogo wangu akaniuliza kama nimeishiwa matambara ya kudekia. Nikamjibu kwamba hicho ndicho ninachokitaka, wakacheka, nami nikacheka nao. Mmoja wao alikuwa bado yuko mgongoni na wengine hawajazaliwa wakati kitambaa kile kilipotaka kuimaliza familia yetu.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa habari za vitambaa. Mnakumbuka. Redio ilikuwa na chake, viti vilikuwa na vyao mgongoni na mikononi, kabati la vyombo lilivaa kuliko sisi watoto. Mama alikuwa na maadui wawili hapa duniani, vumbi na jua, na wote wawili walikuwa wamejaa Kilosa. Jua linachuja rangi, ndivyo alivyosema kila siku, na kitu kizuri hakiachwi wazi kikachujwa. Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta redio iko uchi dirishani, ulijua moja kwa moja kwamba mle ndani hakuna mwanamke, au yupo lakini amekata tamaa. Nililelewa hivyo, na niliamini hivyo kama nilivyoamini kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia chakula.

Baba alikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka siku alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Zilikuwa zama za ruksa. Ghafla madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, mitumba ilipangwa mpaka reli ilipopita, na kila mtu aliyekuwa na ujuzi aliambiwa akautumie mwenyewe. Baba akawaza wiki mbili, akaenda Mikumi kwa fundi mmoja rafiki yake, akarudi na gari ambalo mtaa mzima ulitoka kulitazama. Lilikuwa la watalii waliokuja kuangalia wanyama, injini ikawafia, wakaliacha. Ndani yake mlikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la gesi, na friji ndogo isiyoweza kubeba zaidi ya kuku wanne. Juu ya paa kulikuwa na vioo viwili vyeusi vya kunasa jua, chini ya kitanda kulikuwa na betri kubwa, na nyuma, kwenye boksi lake, kulikuwa na jenereta ya petroli. Mama aliingia, akanusa, akasema, “Jiko na kitanda chumba kimoja. Wazungu nao wana shida zao.” Halafu akachukua kitambaa kikubwa cha tausi, alichokitarizi kwa ajili ya meza, akaivisha friji.

Friji ndiyo iliyokuwa roho ya mpango wote. Baba alitaka kuwafuata wafugaji huko huko waliko na chanjo ya homa ya mapafu, ugonjwa unaoweza kulimaliza zizi. Alinikalisha kitandani humo akanionyesha vichupa. “Dawa hii ni hai,” aliniambia. “Ikipata joto inafia humu humu ndani ya chupa, na haikuonyeshi kama imekufa. Utaitazama utaiona ile ile.” Nikaiogopa tangu siku hiyo. Akanieleza pia kwamba vioo vya juu vinachukua jua na kulifanya umeme, umeme unakaa kwenye betri, betri inaendesha friji, na kwamba jenereta ni ya siku za mawingu tu kwa sababu petroli hailingani na jua la bure. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sikuelewa. Mbaya zaidi, sikumwamini. Kwa akili yangu ya miaka minane, kitu chenye nguvu lazima kipige kelele. Mashine ya kusaga ilipiga kelele, treni ilipiga kelele, na jenereta baba alipoivuta kamba ilinguruma mpaka mbwa wa jirani wakakimbia. Vile vioo vilikaa tu kule juu, kimya, vinang'aa. Nikaamua kwamba ni vya urembo, na kwamba maneno ya umeme wa jua baba aliyasema kunifurahisha, kama alivyoniambia zamani kwamba meno yangu ya utoto yamechukuliwa na panya anayejenga nyumba.

Likizo ilipofika mama alikuwa na mtoto mchanga, basi baba akanichukua mimi. Tulikwenda upande wa Msowero, kwa mwanamke mmoja mjane aliyeitwa Mama Kabula, Msukuma aliyehamia huko kutoka kanda ya ziwa na mumewe, kisha mume akafa wakiwa hawajamaliza hata kuezeka nyumba. Alibaki na vijana wawili wakubwa, na Kabula aliyekuwa umri wangu, na ng'ombe wapatao sitini ambao kila mmoja alikuwa na jina. Alikuwa mrefu, mkimya, na alipokutazama ulijikagua kama umevaa vizuri. Majirani zake walimwambia kwamba daktari wa gari ni tapeli, dawa ya kweli ni ya serikali. Yeye akawajibu kwamba ya serikali ameingoja mwaka mzima. Ndivyo alivyokuwa wa kwanza kumkubali baba, na wale wengine walikaa kando wakisubiri kuona.

Tulipofika tu mvua ikaanza. Gari likazama kwenye udongo mweusi mpaka ekseli, na mawingu yakakaa siku mbili hayaondoki. Chanjo haikuwezekana kwenye matope yale, kwa hiyo baba aliunguza petroli ya jenereta ili friji isizime. Siku ya tatu jua likatoka kali, na dumu lilikuwa tupu. Baba aliazima baiskeli ya kijana wa Mama Kabula aende Dumila kutafuta petroli.

“Leo jua limetuhurumia,” aliniambia akifunga dumu kwenye keria. “Vioo vitatushikilia mpaka nirudi. Wewe panda ukavifute matope, na usifungue friji hovyo. Vile vioo vikiharibika, mwanangu, tumekwisha. Umenisikia?”

“Nimekusikia, baba.”

Nilipanda ngazi ya nyuma na tambara lenye maji nikavisugua mpaka vikang'aa. Kufikia nilipomaliza cha pili, cha kwanza kilikuwa kimepata moto kiasi cha kuniunguza kiganja. Nikashtuka. Vumbi lilikuwa limeanza kupanda tena kutoka zizini, ndege wawili walikuwa wamekwishatua wakatia uchafu, na jua lilikuwa linavipiga vile vioo bila huruma. Nikasikia sauti ya mama waziwazi. Linachuja. Nikashuka, nikakivua kitambaa cha tausi juu ya friji, nikapanda nacho, nikavifunika vioo vyote viwili vizuri, na ncha zake nikazifunga kwenye vyuma vya paa. Nilisimama chini nikalitazama gari letu lilivyopendeza. Nilijivunia sana, na nasema hivi bila kujificha, kwa sababu ndiyo kweli yenyewe.

Kabula alikuja na tukacheza. Hakuwahi kuona friji, basi nikamfungulia. Aliingiza mkono akapiga kelele, akautoa, akaunusa, akaniomba tena. Nilimfungulia mara nyingi, kila mara nikiahidi kwamba ni ya mwisho, kwa sababu nilipenda alivyocheka na nilipenda kuwa mtu mwenye baridi yake mwenyewe kwenye sanduku. Mchana mkubwa, tulipokuwa tumekaa kivulini chini ya gari, nikagundua kwamba kuna sauti imekosekana. Ile sauti ndogo ya friji kuguna ilikuwa haipo. Sijui ilikoma saa ngapi.

Niliingia ndani. Gari lilikuwa tanuri. Kitaa kidogo cha kijani karibu na mlango, cha kuonyesha kwamba betri ina umeme, kilikuwa kimezimika. Nikafungua friji nikaingiza mkono, na ndani mlikuwa vuguvugu kama kwapa. Vichupa vilikuwa vimejipanga vile vile, vizuri, hakuna kilichobadilika. Ndipo maneno yote ya baba yakanirudia kwa mpigo mmoja, vioo, jua, betri, friji, na nikapanda ngazi ile nikilia. Nilikivuta kitambaa mpaka kikakwaruza kwenye chuma chenye kutu. Nikashuka, nikakaa sakafuni mbele ya kile kitaa nikikitazama. Kilichukua muda. Kikawaka chekundu, kikafifia, kikawaka tena, na baadaye sana friji ikaguna. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba baba hakuwa ananifurahisha.

Alirudi jua likiwa limeinama, suruali imejaa matope mpaka mapajani. Hakunywa hata maji. Alimimina petroli, akavuta kamba, jenereta ikaitika, na kabla jua halijazama friji ilikuwa imepoa sawasawa. Akasoma kipimajoto cha mle ndani, akatabasamu, akaniwekea mkono kichwani. “Umenilindia vizuri, mwanangu.” Nilikuwa nimekwisha kukirudisha kitambaa juu ya friji, upande wenye kutu nimeukunjia ndani. Nikasema, “Ndiyo, baba.”

Asubuhi yake kulikuwa kumekauka. Majirani walikuja wote, wakakaa juu ya uzio wa miti wakiwa na fimbo zao magotini. Baba alivaa koti lake jeupe, akachanganya dawa, na vijana wa Mama Kabula wakaanza kuwaingiza ng'ombe mmoja mmoja kwenye njia nyembamba. Kazi ilikuwa na mpango wake. Baba anachoma sindano, kijana mkubwa anakata alama ndogo kwenye sikio, Mama Kabula anamtaja ng'ombe kwa jina na kumwachia. Alama ya sikio maana yake huyu amekingwa. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji, na kila sikio lililokatwa nililiona kama limekatwa kwa mkono wangu.

“Baba,” nilisema.

“Subiri.”

Mtoto hakatizi wakubwa wakiwa kazini. Nikasubiri. Wakapita watano. Nikasema tena, akaniambia nilete maji. Nikaleta maji. Wakapita wengine, sikumbuki wangapi. Mama Kabula alimshika ndama mmoja jike puani, akamwita kwa jina la marehemu mama mkwe wake, akacheka kidogo, na hapo ndipo niliposhindwa. Nilimshika baba koti.

“Baba, dawa ilipata joto.”

Akainama. “Nini?”

“Jana. Friji ilizima. Nilifunika vioo na kitambaa cha mama, jua lisivichuje.”

“Kwa muda gani?”

“Tangu ulipoondoka. Nilifunua mchana mkubwa.”

Aliangalia bomba la sindano mkononi mwake. Aliwaangalia wale wanaume juu ya uzio, wote wanamtazama yeye. Alimwangalia Mama Kabula na ndama wake. Nilimwona baba akihesabu jambo kichwani, na nilimwona alipomaliza kulihesabu.

“Nenda ukakae garini,” alisema kwa sauti ya chini. “Funga mlango.”

Nilikwenda, nikafunga, nikakaa kitandani nikisubiri ng'ombe wanyamaze. Hawakunyamaza. Nilisikia kwato, nikasikia Mama Kabula akitaja majina, jina baada ya jina, mpaka zizi lilipokwisha. Baba alimaliza kazi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto na yeye alikuwa baba, nikajipa jibu la kitoto. Kama daktari mwenyewe ameambiwa na ameendelea, basi huenda dawa haikufa. Huenda ilizimia tu, ikazinduka ilipopata baridi. Nililishika jibu hilo kwa nguvu zangu zote.

Baba hakunipiga. Hakunigombeza hata njiani, na ningepigwa ningelala vizuri zaidi. Tulirudi Kilosa, akamwambia mama kwamba kazi imekwenda salama, na wafugaji wengine watatu wakatuma salamu kwamba wanamhitaji. Hakwenda. Alisema gari lina hitilafu. Kisha habari zikaanza kuja sokoni kwamba homa ya mapafu imeingia upande wa Magole. Baada ya siku chache ikawa Msowero. Baba aliacha kumaliza chakula. Mtu akipiga hodi alisimama kabla mama hajaitikia, akakaa tena akiona ni muuza mboga. Mama alidhani ni malaria akamchemshia mwarobaini, naye akaunywa bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

Hodi yenyewe ilikuja saa nne asubuhi. Alikuwa Mama Kabula, vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma yake kijana wake mkubwa ameshika kamba. Nilipoona kamba nikadhani wamekuja kumfunga baba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Baba yuko?”

Mwisho wa kamba ile alikuwepo ndama jike, yule yule, sikio lake limepona na alama yake inaonekana. Mama Kabula aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti ili asichafue vitambaa, akapokea soda kwa mikono miwili. “Daktari, nimekuletea huyu,” alisema. “Ng'ombe wa jirani zangu wanakwisha. Wanakohoa, wanalala, hawaamki. Wangu wamesimama wote. Wale walionicheka sasa wananiuliza wewe unapatikana wapi.” Mama yangu alipiga vigelegele, na mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia.

Baba alilitazama sikio la ndama kupitia mlangoni.

“Na tena Mungu amenifungulia,” Mama Kabula akaendelea. “Jirani mmoja anahama, ananiachia ng'ombe wake waliobaki niwatunze. Kesho kutwa nawaingiza kwenye zizi langu. Wangu si wameshachanjwa, hawana la kuogopa.”

Nilimtazama baba. Sijawahi kumtazama mtu namna ile tena. Mikono yake ilikuwa magotini, na nilijua kwamba akinyamaza dakika moja tu zaidi ataweza kunyamaza siku zote.

“Usiwaingize,” alisema.

Mama Kabula akatabasamu, akidhani ni utani.

“Usiwaingize, Mama Kabula. Ile dawa ilikuwa imekufa. Wako wamechomwa maji tu. Wamesalimika kwa bahati.”

“Nani kasema?”

“Mimi nasema. Nilijua kabla sijamaliza. Huyu mtoto alikuja akaniambia pale pale, nikamfukuza nikaendelea.”

Nilisubiri yaliyobaki. Nilisubiri aseme kwa nini dawa ilikufa, aseme kitambaa, anitaje. Hakusema. Alikaa pale akiwa ameibeba yote peke yake, mbele ya mkewe, na mimi nikanyamaza nikamwacha aibebe.

Mama Kabula aliiweka soda chini. “Ulijua mkono wako ukiwa juu ya ng'ombe wangu?”

“Nilijua.”

“Na masikio mkawakata.”

“Tuliwakata.”

Alisimama. Alimwambia kijana wake maneno machache ya Kisukuma, kijana akamgeuza ndama. Mlangoni alisimama bila kugeuka. “Uje uwachanje upya,” alisema. “Si kwamba nakuamini. Sina mwingine.”

Baba aliuza jenereta siku ile ile, akaenda Morogoro akarudi na dawa mpya. Tuliondoka bila petroli ya akiba na bila mashine ya kuitilia, vioo peke yake, mwezi wa mawingu. Mama ndiye aliyesema niende, sijui aliona nini usoni mwangu. Kila wingu lililopita juu yetu baba alisimamisha gari, akatoka, akatazama juu, na mimi nikapanda ngazi nikavifuta vile vioo hata kama havikuwa na vumbi. Tulisikiliza friji tu, inaguna, inapumzika, inaguna, na ilipopumzika sote wawili tulishika pumzi.

Majirani walikuwepo tena juu ya uzio. Ng'ombe walikuwa wamefungiwa ndani ya zizi. Baba alivaa koti lake na kufungua friji, na kabla hajagusa kitu Mama Kabula akanyoosha mkono. “Lete.” Baba akampa kichupa. Mama Kabula akakibana shavuni, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo, akarudisha. “Lete kingine.” Vichupa vyote alivipitisha shavuni mwake, kimoja kimoja, mbele za watu wote, na baba yangu, aliyesoma, aliyeitwa daktari mpaka kwenye vijiji ambavyo hajafika, alisimama mikono imeshuka kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

Kisha Mama Kabula akaniita mimi. “Njoo wewe. Wewe ndiye mtu wa kweli katika nyumba yenu.”

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikwenda. Alinitia kichupa mkononi na kunifunga vidole juu yake. Nilimtazama baba, naye alikuwa anatazama kwato za ng'ombe. Ningeweza kusema yote wakati ule, na nimeyasema mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu, kwa maneno mazuri zaidi kila mara.

“Ni baridi?”

“Ni baridi, mama.”

“Hakika?”

“Hakika.”

Alinishika bega, akanisimamisha mbele yake, kati yake na baba.

“Choma,” alimwambia bila kumtazama. “Mtoto amesema.”